Nani wa Kumkatalia Shangazi?

Ilikuwa alasiri ya Idi, Bombo, hapa Uganda, nyumbani kwa wakwe zangu. Masinia ya pilau yalikwishaondolewa, chai ya maziwa inamiminwa, na wifi yangu mkubwa akamwita binti yangu akae karibu naye. Akachagua hamri moja lililofura vizuri, akalimega, akalipuliza lipoe, akamnyooshea kwa mkono wa kulia.

Binti yangu akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Ahsante shangazi. Sili."

Wifi yangu hakugomba. Mkono wake ulibaki palepale kwa muda, akanitazama, kisha akalirudisha lile pande sahanini na kusema kwa sauti ya chini, "Siku hizi mkono wa mkubwa unakataliwa." Wanawake wengine wakaendelea na mazungumzo yao. Binti yangu akaja kukaa nyuma yangu, akabaki hapo mpaka tulipoaga.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa sasa. Maneno ya wifi nimeyasamehe, na kwa kweli hayakuwa mabaya. Kinachonisumbua ni uso wa mwanangu. Alifanya sawasawa na nilivyomfundisha. Na ile adabu aliyoivunja pale, mimi pia ndiye niliyemfundisha.

Mnaoijua nyumba yetu mnajua: mkubwa, binti yangu huyo, ana siliaki, ugonjwa unaofanya ngano imdhuru; mdogo ana mzio mkali wa karanga na simsim. Sitayarudia yote. Leo nataka kukaa kwenye swali moja, nalo ni nani anayepaswa kusema hapana.

## Wiki za kumlisha ngano

Kabla hatujajua jina la ugonjwa wa binti yangu, tulijua tumbo. Tumbo lililotuna juu ya miguu myembamba, kuhara kusikokoma, damu isiyopanda hata baada ya chupa kadhaa za dawa ya madini ya chuma. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo hupitishwa njia moja: dawa ya minyoo, dawa ya amiba, kipimo cha taifodi, kipimo cha selimundu, kisha mama anakalishwa na kufundishwa lishe. Siwalaumu waliotupitisha huko. Ukimwona mtoto mwenye tumbo lile Uganda, mara nyingi kweli ni minyoo au utapiamlo, na daktari lazima aanzie penye wengi.

Aliyetugeuzia njia ni daktari wa watoto aliyeuliza swali jepesi: "Asubuhi anakula nini?"

Chapati na chai, nikasema.

"Saa nne shuleni?"

Mandazi.

"Na jioni, chakula kikichelewa kuiva?"

Chapati.

Akaandika kipimo cha damu, akatuambia sampuli itapelekwa nje ya nchi na tuwe na subira. Kisha akasema: "Msimwachishe ngano. Aendelee kuila kila siku mpaka tumalize vipimo."

Sababu yake naielewa. Siliaki si mzio. Ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, ikifika kwenye utumbo mwembamba wa mtu mwenye ugonjwa huu, kinga inaanza kuushambulia utando wa utumbo. Vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vinalala na kusawazika, na mtoto anakula vizuri lakini mwili haupati kitu. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani protini za kinga, zinazotokana na mashambulizi hayo. Ukiondoa ngano kabla ya kupima, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na kipimo kinaweza kusema mtoto hana lolote.

Kwa hiyo nikawa naamka alfajiri nikikanda unga, nikijua karibu kwa hakika kwamba ndio unaomkausha mtoto wangu. Nilizisukuma zile chapati ndogondogo. Nilizitia samli nyingi, zimpe nguvu kidogo angalau. Yeye alikuwa akila kwa furaha na kuniomba ya pili, nami nampa.

Sijui kama kuna kipindi kilichonichosha moyo zaidi ya hicho.

Majibu ya damu yalirudi, na mpira wa kamera uliopitishwa kinywani mpaka utumboni ukathibitisha. Kwa mzazi anayeshuku ugonjwa huu na anasoma hapa: pima kwanza, ndipo uache ngano. Ukishaiacha, mtoto akapata nafuu, halafu daktari akakwambia umrudishie ili apimwe, utaona adhabu hiyo ni kubwa kuliko yangu.

## Watoto wa ndizi

Usiku nilikuwa nasoma. Habari moja ilinishika kwa sababu sisi ni watu wa matoke, ndizi za kupika.

Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha taarifa za watoto wenye siliaki aliowatibu kwa ndizi. Watoto waliokuwa wamebaki mifupa walinawiri. Kwa karibu miaka 30 ndizi zikahesabiwa kuwa dawa ya ugonjwa huu. Lakini katika mpango wake Haas alikuwa ameondoa mkate, na ndizi zilikaa tu mahali palipoachwa wazi. Sifa zikaenda kwenye ndizi. Watoto waliodhaniwa wamepona wakarudishiwa mkate, na madhara yakarudi polepole bila kujulikana yametoka wapi.

Aliyeitambua ngano ni Mholanzi, Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague. Alikuwa ameshaanza kuushuku mkate tangu miaka ya 1930. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1944 hadi 1945, Uholanzi iko chini ya Wajerumani, chakula kimekatika, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ulikuwa adimu. Katika njaa ile iliyoua watu, watoto wa siliaki wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Dicke aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1950, na tangu hapo ngano haikuweza kujificha.

Nilifunga simu nikatazama jikoni kwangu. Matoke, posho (ugali wa mahindi), muhogo, viazi vitamu, wali, kalo (ugali wa wimbi): chakula cha nchi hii, kikipikwa kama kilivyopikwa zamani, hakina gluteni hata chembe. Ngano yetu nyingi inatoka ng'ambo; kiasi kidogo ndicho kinacholimwa milimani, Kapchorwa na Bukwo. Na upande wa mama yangu, aliyezaliwa Mombasa, kuna vitumbua na mkate wa kumimina. Unaloweka mchele usiku kucha, unausaga na tui zito la nazi, iliki, sukari na hamira, unauacha uumuke mpaka uso wake ujae matundu, kisha unaumimina kwenye sufuria yenye mafuta ya moto na kuweka makaa juu ya kifuniko. Unatoka na ngozi ya dhahabu. Binti yangu aliula mkate ule wiki ile ya kwanza bila ngano, akauliza kama huu nao utapigwa marufuku. Nilimwambia huu ni wake maisha yake yote.

Basi nikadhani tumevuka. Mama wa Ulaya anahangaika kutafuta mkate usio na ngano. Mimi nina shamba zima la majibu. Na ni kweli, chakula hakikututesa sana. Kilichotutesa ni mikono inayokitoa.

## Mdogo hana muda wa kueleza

Kwa kaka yake hali ni nyingine kabisa.

Alikuwa bado ananyonya, ameanza uji, nami nikautilia kijiko cha karanga zilizosagwa kama mama yangu alivyonitilia mimi. Midomo ilivimba kwanza. Kisha vipele shingoni, kisha kutapika, kisha ile sauti ya kifua ambayo mama akiisikia mara moja haisahau. Zahanati ya kwanza walimchoma dawa ya kupunguza mzio wakasema tusubiri. Boda boda iliyotupeleka hospitali ya pili ilikuwa na dereva aliyeendesha huku anamsomea mtoto dua kwa sauti. Pale wakampa adrenalini pajani, na kabla sijakaa kitini nikamsikia analia. Kilio chenye nguvu, chenye pumzi. Sijapata kufurahia kilio namna ile.

Wanaita anafilaksia. Ningependa kila mwenye zahanati ajue yafuatayo, kwa hiyo nayaandika kwa urefu. Setirizini na ndugu zake, zile dawa za kawaida za mzio, hupunguza mwasho na vipele. Hazifungui koo linalofunga wala hazipandishi shinikizo la damu linaloanguka. Adrenalini ndiyo dawa ya kwanza, na huchomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe, asisimamishwe wala kutembezwa. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akalishwe miguu ikiwa imenyooshwa. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, maana hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila yeye kugusa karanga tena.

Huko Ulaya na Marekani wazazi hubeba kalamu ya sindano iliyojazwa adrenalini tayari. Hapa kwetu kuipata si rahisi, na bei yake ni ya kukatisha tamaa. Lakini kichupa cha adrenalini chenyewe, miligramu 1 ndani ya mililita 1, kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na si ghali. Kiasi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.3 kwa mtoto. Daktari wetu alichukua bomba la sindano la mililita moja, akachora mstari wa wino mahali pa uzito wa mwanangu, akanifundisha kuvunja shingo ya kichupa kwa pamba nisijikate. Nilijifunzia kwenye papai, kwa maji, mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kila mtoto akiongezeka uzito tunarudi na daktari anausogeza mstari. Msichore wenyewe, mwone daktari.

Mkoba ule mdogo unakwenda kila anakokwenda. Haukai juani, haukai kwenye gari lililofungwa.

## "Sisi sote tumekula karanga"

Hilo ndilo jibu ninalopewa kila mahali. Na nimekaa nalo kwa muda mrefu, kwa sababu wanaolisema hawako mbali na ukweli.

Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya utafiti uitwao LEAP. Waliwachukua watoto wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa kwenye hatari ya kupata mzio, wakawagawa: hawa wapewe vyakula vya karanga mara kwa mara, hawa wasipewe kabisa. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 80 kwa wale waliokula. Kwa miaka mingi wazazi wa huko walikuwa wameambiwa wachelewe. Sisi tulikuwa tunawapa watoto karanga kwenye uji bila kuuliza mtu. Kitobero, kile chakula mchanganyiko ambacho akina mama wanafundishwa Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, mara nyingi kina karanga ndani yake. Zile pakiti za kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali zimetengenezwa kwa karanga na maziwa, na zimewaokoa wengi.

Kwa hiyo bibi akisema karanga ni chakula cha mtoto, bibi yuko sawa. Mama mwenye mtoto mzima asianze kumnyima karanga kwa sababu ya makala yangu. Tafadhali.

Ila wa kwangu ndiye aliyebaki nje ya ile asilimia 80. Nilimpa mapema, kwa mkono wangu, na mwili wake ukakataa.

Kwa nini? Alikuwa na pumu ya ngozi kali tangu mchanga, na ngozi iliyopasuka inaaminika kuwa mlango ambao chakula hupenya na kuifundisha kinga uadui kabla tumbo halijaifundisha urafiki. Nikasoma pia utafiti uliofanyika Entebbe, hapa hapa kwetu: wajawazito zaidi ya 2,500 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa ya minyoo, wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto ambao mama zao walimeza albendazoli walipata pumu ya ngozi zaidi. Nami nilipewa dawa ya minyoo kliniki nilipokuwa na mimba yake, kama wajawazito wengine. Nilikaa na karatasi ile usiku kucha nikitaka kuunganisha nukta. Haziungani. Wanawake maelfu kwa maelfu wameimeza dawa ile na watoto wao wanakula karanga sokoni. Niliikunja nikaiweka, maana mama akianza kuitafuta hatia mwilini mwake mwenyewe ataipata tu, iwepo isiwepo.

## Mezani kwetu

Dada anapenda binyebwa kuliko mchuzi wowote. Mchuzi ule wa karanga wenye rangi ya waridi, juu ya matoke yaliyofunguliwa sasa hivi kutoka kwenye jani, ndiyo ulikuwa utamu uliombakia baada ya chapati kuondoka. Na kwa kaka yake ni sumu. Kaka naye angeweza kula chapati kutwa.

Tulijaribu kutenganisha masufuria. Tukajaribu kutenganisha siku. Mwishowe mimi na baba yao tukaamua karanga zisivuke kizingiti, na unga wa ngano nao usivuke. Unga unaposukumwa hupaa, unatua kwenye kila kitu. Karanga zikisagwa mafuta yake yanabaki kwenye kinu. Baba yao anakula rolex yake, chapati iliyoviringishwa na mayai, barabarani, ananawa mikono na uso kabla ya kumbusu mtoto.

Binti alilia kwa ajili ya binyebwa. Nikamwambia ukweli, kwamba anapoteza kitu ambacho hakimdhuru yeye, kwa ajili ya mdogo wake. Hakujibu. Baadaye alimwuliza kaka yake kama chapati anazikumbuka, yule akasema anazikumbuka sana, na naona hesabu yao ilimalizikia hapo.

Nje ya nyumba, hatari zinajificha mahali ambapo hukutarajia. Kabalagala, kwa asili, ni ndizi ndogo tamu na unga wa muhogo tu, salama kabisa kwa binti yangu, lakini wengine huongeza ngano ili ishikane, na karibu wote huikaanga kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga mandazi. Unga wa uji unaouzwa kwa mchanganyiko una soya, una karanga, wakati mwingine una ngano, na mfuko hausemi. Mashine ya kusaga imetoka kusaga karanga za mtu wa mbele yako. Nilimwomba mwenye mashine aanze na wimbi langu asubuhi, kabla ya mwingine yeyote, baada ya kuisafisha, na kilo za kwanza nimwachie yeye. Alikubali. Bado namshukuru kila nikipita.

Bidhaa ikiandikwa haina gluteni, kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka isizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Posho yangu haina mtu wa kuipimia hivyo. Ninachopima ni uaminifu wa watu.

## "Mbona sikuumwa?"

Siku moja binti alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni pa jikoni, akasema: "Mama, nilikula rolex."

Nikanyamaza.

"Nusu. Ya rafiki yangu. Mbona sikuumwa?"

Alikuwa ameuliza kwa dhati. Wala hakuwa anatafuta kunishinda. Alikuwa amejaribu jambo na kuona matokeo, na matokeo yalikuwa dhidi yangu. Mdogo wake akigusa karanga, nyumba nzima inaona. Yeye amekula kitu tunachokiita adui, amecheza kamba, amefanya hesabu, amerudi nyumbani.

Watoto wengi wa siliaki huumwa tumbo mara moja wakikosea. Wengine hawasikii kitu. Utumbo unaendelea kuharibika kimyakimya. Imejaribiwa: miligramu 50 za gluteni kwa siku, yaani makombo, zikiliwa kwa miezi 3 zinatosha kuudhuru. Nami nitamwelezaje mtoto wa darasa la tano kuhusu mifupa dhaifu anayoweza kuwa nayo akiwa na miaka 40?

Sikumtisha. Nilimwambia mwili wake haupigi kelele, ndiyo maana tunausikiliza kwa damu. Kipimo kilichofuata kingamwili zilikuwa zimepanda, na daktari akamwonyesha namba zake mwenyewe, za mwaka jana na za sasa, akamwachia azisome. Alizisoma mara mbili. Tangu hapo anazingatia, na hata pale Idi, mbele ya hamri la shangazi yake, alikuwa anazikumbuka namba zile. Nimejua kwa sababu aliniambia kwenye gari.

Ndipo nikaona uzito niliombebesha. Mtoto huyu hana maumivu ya kumsaidia kukataa. Ana neno langu na namba za daktari, basi. Na anakataa mbele ya watu ambao amefundishwa kwamba kuwakatalia ni utovu wa adabu.

## Alichosema mama mkwe

Siku ile mama mkwe alikuwa chumbani amepumzika. Habari zilimfikia baadaye, akanipigia simu. Nilijitayarisha kwa lawama.

"Mwanangu," alisema, "kwa nini mtoto ndiye aliyejibu? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo mama, nimekaa palepale."

"Basi mtoto hakosi. Mtoto hamkatalii mkubwa. Mkubwa ndiye anayemkatalia mkubwa mwenzake."

Nilianza kujieleza, kwamba tunataka wajifunze kujisemea, kwamba daktari alishauri. Akanikata. "Wafunze. Lakini kwangu nimo mimi. Njoo unionyeshe vyote, kile cha huyu na kile cha yule. Nisimamie mwenyewe."

Nilikwenda. Nilimwonyesha bomba la sindano, mstari wa wino, mahali pa paja. Alitaka kushika papai mwenyewe, na mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Aliuliza maswali ambayo jamaa wengine hawakuniuliza: je, mwiko uliokoroga binyebwa ukioshwa kwa maji tu unatosha? Je, mtu aliyekula karanga akimbusu mtoto? Je, binti akila wali uliopikwa kwenye sufuria ya chapati? Akanunua sufuria mbili, akazifunga kitambaa cha rangi kwenye mshikio. Sasa mtu akiingia kwake na kikapu, yeye ndiye anayeuliza kilichomo, kabla ya salamu kumalizika, na hakuna anayeona vibaya, kwa kuwa ni yeye.

Nimelitafakari hili sana. Vitabu vya wazungu vinasema mfundishe mtoto kujitetea, na kwa kwao nadhani kunafaa, mtoto huko husikilizwa. Kwetu, mtoto wa miaka 5 akisema hapana, neno lake halina pa kukaa. Mtu mzima atamlisha huku anacheka, akidhani ni deko. Kulinda uhai wa mtoto kwa kutegemea neno ambalo jamii haijampa haki ya kulisema ni kumwacha peke yake. Wa kwanza kusema lazima awe mkubwa, na awe mkubwa anayeheshimika kuliko mama wa mtoto. Bibi. Imamu. Mwalimu mkuu. Mwenye shughuli mwenyewe, akisimama kabla ya bismillahi na kusema sahani hii ni ya fulani, isiguswe.

Nayasema haya huku nikijua upande wa pili. Bibi hatakuwepo kila mahali, na kuna siku mwanangu atakuwa peke yake na kijiko cha mtu. Lazima ajue kukataa. Ninachokataa mimi ni hilo kuwa ngome ya kwanza.

Wifi yangu bado hajalitaja jambo lile. Nami sijalitaja. Alinitumia picha ya harusi ya jirani, nikampongeza.

## Bweni

Haya yote yana haraka kwa sababu baada ya mtihani wa darasa la saba karibu kila mtu katika ukoo wetu hupelekwa bweni. Baba yake anataka. Yeye mwenyewe anataka, kuliko sisi.

Chakula cha bweni, cha ajabu, kinamfaa: posho na maharage mchana, posho na maharage usiku. Uji wa mahindi. Ninachohofia ni mkate wa asubuhi, masanduku ya bati yaliyojaa biskuti za marafiki, na muhula mzima ambao hakuna mtu wa kumwuliza damu inasemaje. Wapo wanaonishauri shule ya kutwa. Nimelala na wazo hilo, nikaamka na lingine. Sitaki ugonjwa umchagulie shule kabla hatujaenda kuuliza.

Nimeandika barua kwa shule moja, kurasa mbili, na barua ya daktari. Sikuandika kwamba mtoto atajisemea. Niliomba jina la mtu mzima mmoja jikoni atakayekuwa na jukumu. Matroni alinipigia, akasema mpishi mkuu ana mjukuu mwenye kisukari, masharti anayajua, na kwamba niende nionyeshane naye masufuria kabla muhula haujafunguliwa. Nakwenda Jumamosi hii, na mama mkwe amesema tupitie Bombo kumchukua.